Wenye Kadi za Kijani

Kila siku saa nane mchana, akishatoka shule, binti mmoja wa darasa la sita alivua sare, akala chakula alichoachiwa na baba yake, kisha akavuka barabara kwenda kwenye kliniki ya shangazi yake. Alifagia chumba cha kungojea, akajaza maji ya kunywa kwenye chombo chenye bomba, akaketi nyuma ya meza ndogo karibu na mlango. Hapo ndipo alipogawa namba kwa wagonjwa. Alizigawa kwa uso mkavu, kalamu sikioni, mpaka mtaa mzima ukamwita Karani.

Kliniki yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya kupanga, katikati ya duka la rangi na kinyozi. Shangazi alikuwa tabibu. Kwa miaka kumi na minne alifanya kazi kwenye zahanati ya umma, ile ambayo kuta zake hupakwa rangi kila wakubwa wanapokuja kutembelea. Kuta zilikuwa safi sana, ila kabatini hamkuwa na kitu. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wakaandikiwa dawa kwenye karatasi, wakaambiwa wakanunue wenyewe. Wengine hawakuwa na cha kununulia. Walirudi nyumbani na karatasi zao, na baadhi yao leo hawapo. Mama yake Karani alikuwa mmoja wa hao. Wakubwa walioandika kwamba dawa zipo za kutosha, wao wakiumwa jino tu hupanda ndege. Shangazi alichoka kutia sahihi kwenye uongo wao, akaacha kazi.

Mwaka wa kwanza biashara ilimtoa jasho. Mgonjwa alilipa kila alipokuja. Msimu wa mvua, homa zilipozidi, benchi lilijaa. Kiangazi shangazi alishinda akifukuza nzi, na mwenye nyumba akija kudai kodi ndiye aliyekuwa mtu pekee wa kubisha hodi.

"Juzi nimejikuta naomba watu waugue," alimwambia Karani. "Sasa huyo ni tabibu wa namna gani?"

Ndipo alipobadili mpango akatengeneza kadi za kijani. Kila nyumba ilipe kila mwezi, waumwe wasiumwe, kiasi cha bei ya mikate minne. Mwenye kadi akija hatoi kitu tena. Anapimwa presha na sukari, anafungwa kidonda, anaulizwa maswali yake mpaka yaishe. Asiye na kadi alipokelewa pia, ila alilipa papo hapo. Shangazi alipiga hesabu kwamba nyumba sitini zikishika kadi, kodi italipika, dawa zitanunulika, naye atapata mshahara kama watu wengine. Mwenye nyumba alimpa mpaka mwisho wa mwaka. Akishindwa, vyumba vinakwenda kwa muuza simu. Ilipobaki miezi miwili, kadi zilikuwa hamsini na mbili.

Karani aliona kwamba adui ni benchi. Wenye kadi waliizoea kliniki kama nyumbani kwao. Huyu kaja na malengelenge ya kiatu kipya, yule kaja kuuliza kama kwikwi ya siku mbili inaua. Siku moja dereva wa lori alichungulia, pesa mkononi, akakuta watu kumi na mmoja wamebanana. Akaguna, akaondoka. Karani alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea, roho ikimuuma. Hawa wa kijani wameshalipa, aliwaza. Waje wasije, pesa yao ni ileile. Yule angeleta pesa mpya.

Hakumwambia shangazi. Kuanzia kesho yake, mwenye kadi akifika, Karani alimwambia kwa sauti ya kiofisi kwamba tabibu ana kazi nyingi, arudi kesho. Mwenye pesa mkononi alipewa namba. Shangazi alikuwa chumba cha ndani, mlango umefungwa, hakusikia lolote. Benchi likapumua. Wiki ilipokwisha, droo ya pesa ilikuwa nzito kuliko wiki zote za mwezi ule, na Karani alitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Miongoni mwa waliorudishwa alikuwepo fundi viatu wa mtaa wa nyuma. Alikuwa mzee mpole mwenye ugonjwa wa kisukari, ambaye mkewe alifariki akisubiri kitanda katika hospitali kubwa. Alikuwa amekanyaga msumari wa kiatu, ukamchoma kisigino cha mguu wa kulia. Alikuja Jumatatu, akaambiwa kesho. Akaja Jumatano akichechemea, akaambiwa kesho. Ijumaa alikuja na kandambili mguu mmoja na kitambaa mguu wa pili. Karani alimwamkia kwa heshima zote, kisha akamwambia yaleyale.

Mzee hakugomba. Aliegemea fremu ya mlango, akamwangalia binti na kalamu yake sikioni.

"Haya, mjukuu wangu," alisema. "Basi na nyinyi mmeshakuwa wakubwa."

Jumamosi kadi yake ilirudishwa. Jumatatu zikarudi mbili, Jumanne nne. Watu walizipitisha chini ya mlango kabla kliniki haijafunguliwa, bila salamu. Shangazi alizipanga mezani akazitazama kama mtu anayetazama picha ya eksirei asiyoielewa. Alimuuliza Karani kama kuna mtu amelalamika. Karani akajibu kwamba labda watu hawana pesa mwezi huu. Jibu lilitoka upesi, laini kabisa, naye akachukua ufagio akafagia mahali alipokwisha kufagia.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko shuleni, alimkuta mjukuu wa fundi amekaa peke yake ukutani. Walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza, lakini alipokaribia, mwenzake alisogea pembeni.

"Nipe namba kwanza," mjukuu wa fundi alisema. "Au nirudi kesho?"

Karani alicheka kidogo, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamuuliza kuna nini.

"Mguu wa babu umevimba mpaka kifundoni. Unanuka. Halali, na cherehani hawezi kuikanyaga. Mama anasema huko hospitali kubwa wataukata, na babu anasema bora afe na miguu yake miwili." Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Ulimwambia aje kesho mara tatu. Nilihesabu."

Masomo ya baada ya mapumziko Karani hakuyasikia. Saa nane hakwenda kubadilisha sare. Alivuka barabara vilevile, akapita mbele ya benchi, akafungua mlango wa chumba cha ndani bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Shangazi alikuwa akimpima presha bwana mmoja mwenye shati la kunyooshwa na viatu vya kung'aa.

Karani alisema yote akiwa amesimama. Alieleza alivyoanza na kwa nini alianza, akataja waliorudishwa mmoja mmoja, kisha akasema kwamba lile jibu la watu kukosa pesa alilitunga. Mwisho akaeleza hali ya mguu wa fundi viatu. Hakulia. Alijua akilia atapata huruma, na huruma ingemchelewesha.

Shangazi alivua kipimo shingoni. Hakumgombeza. Alimwambia yule bwana kwamba ana mgonjwa aliyepaswa kuonwa siku tisa zilizopita, kwa hiyo yeye angoje au arudi. Bwana akasema yeye analipa taslimu. Shangazi akamjibu kwamba mzee naye alilipa, tena kabla hajaumwa. Kisha akamgeukia Karani.

"Beba beseni na chupa ya maji ya chumvi. Unakuja na mimi."

Fundi alikuwa kitandani, mguu umewekwa juu ya mto. Shangazi alipima sukari, ikawa juu sana. Alikisafisha kidonda taratibu, Karani akiwa ameshika beseni na taa, harufu ikimjaa puani, asithubutu kugeuza uso. Shangazi alimweleza mzee wazi: vidole vina rangi, damu bado inafika, mguu una nafasi ya kupona. Atampa dawa, atakuja kumsafisha kila siku. Siku ya tatu uvimbe usipopungua, atampeleka hospitali yeye mwenyewe na kusimama naye mpaka apate kitanda, wakubwa wapende wasipende.

Karani alipiga magoti sakafuni.

"Babu, shangazi alikuwepo siku zote tatu. Mimi ndiye niliyekuzuia. Nilitaka wenye pesa wapite kwanza. Nisamehe."

"Huko kwa wakubwa nimezungushwa miaka mingi," mzee alisema, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, 'Mimi ndiye niliyekuzuia.' Inuka. Hilo beseni litakumwagikia."

Siku ya tatu uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya kifundo. Wiki mbili nzima Karani alibeba beseni. Jioni alipita kwenye zile nyumba nyingine sita zilizorudisha kadi na kusema kwa kinywa chake alichokifanya. Nyumba moja walimfungia mlango. Nyingine mama wa hapo alimsema mpaka sauti ikamkauka, akampa maji, akaendelea kumsema. Lakini nyumba tano kati ya saba zilichukua tena kadi, ya fundi ikiwa ya kwanza.

Lile tatizo la benchi, hata hivyo, halikuwa uongo, na shangazi hakujifanya halipo. Alimuuliza Karani, kwa kuwa ndiye anayeketi mlangoni, angefanyaje kwa haki. Karani alifikiri siku mbili. Kisha akapendekeza kila mwenye kadi apewe saa yake: huyu saa tisa kamili, huyu saa tisa na robo, wenye vidonda na homa wapite muda wowote. Wa presha waje Jumamosi asubuhi kwa pamoja, wapimwe mfululizo. Shangazi alikubali. Ndani ya wiki moja benchi lililobeba watu kumi na mmoja likawa na watatu au wanne, wala hakuna aliyerudishwa. Dereva wa lori alipita tena, akachungulia, akaingia.

Fundi viatu aliporudi kwenye cherehani yake, watu walimuuliza ule mguu umeponaje. Akawaeleza yote, hata la Karani, maana hakuwa mtu wa kuficha. Ajabu ni kwamba habari hiyo haikuwafukuza. Mafundi wa safu yake, wa redio, wa baiskeli na wa saa, walikuja kuulizia kadi. Mwaka ulipokwisha, nyumba sitini na tatu zilikuwa na kadi za kijani. Mwenye nyumba alipata kodi yake, muuza simu akatafuta vyumba kwingine.

Siku ya kulipa kodi, Karani alimuuliza shangazi swali lililomkaa muda mrefu: kwa nini wiki ile droo ilikuwa nzito, na bado walikuwa wanafilisika?

"Kwa sababu ulikuwa unauza kitu ambacho hatuna haki ya kukiuza," shangazi alisema. "Dukani mtu analipa, anaondoka na mfuko mkononi. Hapa mtu analipa akiwa mzima, anaondoka na ahadi tu, kwamba siku akiumwa mlango utafunguka. Ahadi hiyo ndiyo mali yetu. Kule zahanati waliivunja kila siku, na mshahara wao uliingia vilevile, kwa hiyo hawakujifunza. Sisi tukiivunja tunafunga. Mtu akija na msumari mguuni, namtibu kwa dakika kumi na maji ya chumvi. Akichelewa, nahangaika wiki mbili, naye huenda akapoteza mguu. Kumwona mapema ni utu, na ndiyo faida yetu pia. Na ukikosea tena, maana utakosea, nifungulie mlango siku ileile, usingoje ya tisa."

Karani aliitikia. Nje mtu alikohoa. Alichungulia, akamwona fundi wa redio na kadi yake mpya mkononi, akamwita aingie.