Oili ya Msumeno Haikadiriwi kwa Jicho

Kila asubuhi Mpasua Mbao alimimina petroli ya msumeno wake wa mashine kwenye dumu, akatia oili ya gari kidogo, akatikisa, basi. Siku hizi aliipunguza zaidi, maana moshi ulimkera.

Siku moja upepo uliangusha mti wa uani, ukaziba mlango wa chumba cha mama yake. Mama alikuwa mzima, ila hakuweza kutoka.

“Usihofu mama, sasa hivi tu!”

Msumeno wa mashine ulinguruma, ukala nusu ya shina, ukakwaruza, ukanyamaza. Akavuta kamba. Imekaza kabisa!

“Mwanangu, umekata mti au umekata tamaa?” mama aliuliza dirishani.

Majirani wakacheka. Yeye alitamani ardhi impasukie. Wakamaliza kwa misumeno ya mkono, jasho likiwatiririka, mpaka jua la utosi, ndipo mama akatoka.

Dada wa mkewe, fundi wa injini, aliifungua mashine.

“Ona shemeji, pistoni imechubuka. Injini hii haina oili yake kama ya gari. Inategemea ile unayochanganya na petroli. Ikipungua, vyuma vinasagana.”

“Kumbe nizidishe?”

“Hapana! Ikizidi, moshi unajaa na plagi inachafuka. Fuata kitabu cha mashine yako. Msumeno wako unataka lita tano za petroli kwa mililita mia moja za oili. Tena oili maalumu ya kuchanganya na petroli. Ya gari ndiyo iliyokuwa ikikupa moshi.”

“Mimi nilidhani nikipunguza oili nauokoa msumeno.”

“Ungejuaje, na hakuna aliyekuambia? Changanya nje, mbali na moto. Tikisa vizuri. Usijaze tangi injini ikiwa ya moto. Na mchanganyiko usikae miezi, unaharibika.”

Pistoni mpya ikawekwa. Mkewe akatafuta kikombe chenye mistari ya kupimia. Mpasua Mbao akawa anakiinua usawa wa macho kabla ya kumimina.

Msimu huo mti mwingine ulilala barabarani. Gari likakwama, ndani mna mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa.

“Kaka, tusaidie!” mumewe alilia.

Msumeno uliwaka. Kipande baada ya kipande, haukukohoa hata mara moja. Watu wakaviringisha magogo, gari likachomoka kama mshale.

Jioni simu iliita. Mpasua Mbao alisikiliza, akaketi kizingitini, akajifuta macho.

“Kuna nini?” mkewe aliuliza.

“Wamefika salama. Ni mtoto wa kike.”