Mwandiko wa Kokugonza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kokugonza aliteka maji kwenye chemchemi iliyokuwa chini ya kibanja chao, shamba la migomba na kahawa la bibi yake, Vestina. Alisoma darasa la sita katika kijiji kimoja wilayani Muleba, na shule nzima haikuwa na mtu aliyemshinda kwa mwandiko mzuri.

Mwandiko huo ndio uliomleta Bwana Aristides nyumbani kwao Jumamosi moja, bibi akiwa sokoni. Alikuwa wakala wa kampuni iliyotaka kujenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa kuchoma mabaki ya mazao, hatua chache tu juu ya chemchemi.

"Binti, ninakilie majina haya kwenye fomu," alisema, akimpa orodha ya zamani ya waliogawiwa vyandarua. "Ni ya watu watakaounganishiwa umeme. Mbele ya kila jina weka sahihi yoyote."

Kokugonza alisita. Sahihi za watu wengine? Lakini Bwana Aristides alikuwa mtu mzima, tena alikuwa amemletea madaftari mawili mapya. Akaandika majina yote themanini na mawili.

Baada ya wiki mbili, afisa wa mazingira alikuja kutoka Bukoba kuwasikiliza wananchi kabla kibali hakijatolewa. Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule.

"Wananchi walikwisha kukubali," alisema Bwana Aristides huku akitabasamu. "Sahihi zao hizi hapa."

Afisa akaanza kusoma. "Vestina Mutembei."

"Mimi?" Bibi Vestina aliinuka. "Mimi sijui kuandika! Huweka dole gumba. Nani ameniwekea sahihi?"

"Joackim Rwekaza," afisa aliendelea.

Mama Evodia akasimama. "Joackim ni mume wangu. Tulimzika mwaka jana! Leo mmemfufua aje kukubali moshi wenu?"

Uwanja ulichafuka. "Tumedharauliwa!" watu walipiga kelele. Bwana Aristides akanyoosha kidole haraka kwa karani wa kijiji, kijana mpole aitwaye Datius. "Yeye ndiye aliyeniletea fomu hiyo!"

"Waitu, mheshimiwa, siijui hata kidogo," Datius alijitetea, lakini watu walikuwa wameanza kumsogelea kwa hasira.

Kokugonza alijionea aibu, lakini hasira ilizidi aibu. Akapenya katikati ya watu hadi mezani.

"Anasema uongo! Niliandika mimi. Alinidanganya kuwa ni watu wa kuunganishiwa umeme."

"Mtoto huyu ametumwa!" alifoka Bwana Aristides.

Afisa alimpa Kokugonza kalamu na karatasi. Akaandika majina matatu, na afisa akayalinganisha na yale ya fomu. Herufi zilifanana moja kwa moja.

"Fomu hii ni ya kughushi," afisa alitangaza. "Haitatolewa ruhusa ya ujenzi wala cheti cha mazingira kwa karatasi kama hii. Tathmini ianze upya, na polisi watataka maelezo ya Bwana Aristides."

Safari hii wataalamu walipita nyumba kwa nyumba na kupima maji ya chemchemi. Hatimaye kampuni iliagizwa kutafuta eneo jingine, mbali na chanzo cha maji.

Siku barua ya agizo hilo iliposomwa kijijini, wengi walimsifu Kokugonza. Bibi Vestina hakuungana nao upesi. Alimketisha kando yake.

"Kusema kweli mbele ya watu kulihitaji moyo, na umenipa heshima," alisema. "Lakini bado nina hasira nawe. Jina la mtu ni lake, awe hai au amekufa. Usimsemee neno ambalo hajalisema. Na mtu mzima akikutuma jambo ambalo moyo wako unalikataa, muulize sababu. Akikasirika, jibu umelipata."