Kipande Kilichoandikwa Nyani

Wangechi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, mlangoni pa nyumba yake pale Skuta, alipokuta unywele mmoja kati ya changarawe. Ulikuwa mfupi, umejikunja kama uliopita motoni. Akautupa. Akakuta mwingine. Alipofika wa sita, jirani yake Mama Kim aliingia mbio bila hodi.

"Wangechi, kuja! Anita ako hapo kwa mfereji. Nywele zinatoa moshi na hakuna moto!"

"Ati nini?"

"Si uje uone mwenyewe!"

Walimbeba Anita, binti yake Wangechi, hadi kitandani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kichwani hakuwa na jeraha, lakini ukimgusa alikuwa wa moto kama sufuria. Mama Kim akakimbia kumtafuta pasta. Cucu Nyawira, nyanya yake Anita na mama mkwe wa Wangechi, akaziba pua kwa leso.

"Hii harufu iko hapa tangu wiki jana," alisema. "Nilidhani ni wewe unachoma kichwa ya mbuzi."

Wangechi aliendelea kumpepea binti yake. Harufu hiyo aliijua, na siku ilipoanza aliijua.

Kazi yake ilikuwa kusafisha mifupa. Profesa Ngatia na wenzake walikuwa wakichimba visukuku, mifupa ya kale iliyogeuka mawe, katika korongo moja kule Kieni. Yeye aliondoa udongo kwa sindano na brashi, akapaka gundi, akaandika namba na maelezo daftarini. Jambo moja Profesa alilikazania: mfupa wenye shaka uchomwe kidogo ukingoni kwa kiberiti. Uliogeuka jiwe hautoi harufu. Ukinuka nywele zilizoungua, huyo hajakaa sana ardhini. Na akiwa mtu, kazi isimame, polisi waitwe.

Wiki iliyopita Wangechi mwenyewe aliokota kipande cha fuvu kisichozidi kiganja. Profesa alikigeuzageuza.

"Huyu anaweza kuwa nyani wa kale asiyejulikana bado. Jina lako litaandikwa, Wangechi. Wewe ndiye umempata."

Jioni, akiwa peke yake mezani, aliwasha kiberiti. Kikanuka nywele. Akafungua dirisha, akangoja hewa isafike, kisha akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Nyani wa kale. Hakuna harufu.

Sasa Anita alianza kusaga meno, na sauti ile haikuwa ya meno bali ya sindano inayokwaruza mfupa, polepole, kwa uangalifu, vilevile alivyokwaruza Wangechi, na kila ilipokwaruza unywele ulidondoka kwenye mto wa kulalia ukiwa umeungua ncha, na mama yake akawa anaziokota, mmoja, na mwingine, asijue aziweke wapi, mpaka mtoto akafumbua macho na kusema kwa sauti nzito ya mtu mzima aliyechoka:

"Mimi si nyani."

Cucu akashika ukingo wa kitanda. "Nani anaongea?" alinong'ona.

"Muulize huyu. Alininusa. Alinijua."

"Wangechi," Cucu akasema kwa sauti ya chini. "Umefanya nini?"

Angeweza kunyamaza. Pasta angekuja, angeomba, na hakuna ambaye angejua. Lakini sikio la Anita lilikuwa limeanza kuwa jekundu, na moshi mwembamba ulikuwa ukitoka nyuma yake. Akachukua simu.

"Profesa, kile kipande. Nilidanganya kwa daftari."

"Ulidanganya nini? Picha nimeshawatumia wenzetu."

"Nilikichoma. Kilinuka."

"Kilinuka nini?"

Aliangalia ukuta, kwa sababu Cucu alikuwa anamtazama.

"Nywele. Ni mtu. Nilijua ni mtu, nikaandika nyani, juu ya kutaka jina."

"Polisi nitawaita mimi," Profesa alisema. "Wewe usije kesho." Akakata.

Moshi ulikoma. Anita akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

"Kaka yangu alichukuliwa na askari wa Mzungu wakati wa imajensi," Cucu akasema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Hatukumzika. Labda ni yeye, labda ni wa wengine. Mtoto wa mtu, Wangechi. Na wewe unaandika nyani."

Pasta Muriithi alifika akihema, akamkuta msichana ameketi. Akainua mikono. "Mungu ameona imani ya mama huyu!"

"Pasta," Cucu akamkatiza, "omba tu. Usimsifu."

Gikonyo, mume wa Wangechi, alirudi kutoka sokoni Karatina jua likizama. Hakuna aliyemweleza kitu. Alimwona mkewe anakwepa macho yake, akanawa mikono. Cucu ndiye aliyepakua githeri, akiwataja mmoja mmoja kama kawaida yake.

"Gikonyo yuko. Anita yuko. Mimi niko."

Upawa ukasimama juu ya sahani ya nne. Wangechi alitazama mikono yake.

"Na wewe uko," Cucu akasema bila kumwangalia, akampakulia.