Jua la Nyuma ya Mawingu

Julai ya Nairobi haina adabu. Baridi huingia hadi kwenye mifupa, na jua huweza kujificha wiki nzima. Nakhumicha, muuza mboga wa Kangemi, alimvika binti yake Ivyne sweta mbili na marvin, ile kofia ya sufu inayobana masikio. Kofia pana aliiweka juu ya kabati. Ivyne ana ualbino, na kwa mama yake kofia pana ilikuwa ya Januari, ya jua kali. Nani angemlaumu?

Jumamosi Ivyne aliketi kando ya meza ya mboga, uso wazi. Shavuni alikuwa na kidonda kidogo chenye magamba. Kilikauka, kikabanduka, kikarudi. Nakhumicha alikipaka jeli ya kukamulia ng'ombe asubuhi na jioni. Kilimtia hofu, lakini hakumwambia mtu. Wahenga walionya kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, ila woga hauna masikio.

Sista Kavutha, muuguzi wa kliniki ya ngozi mjini, alipita kununua mboga za managu. Alimsalimu Ivyne, kisha akainama kumtazama.

"Mama Ivyne, hii kidonda imekuwa hapa tangu lini?"

"Tangu Pasaka hivi. Ni baridi tu, Sista. Inapasua ngozi."

"Na kofia yake kubwa?"

"Ya nini na jua haiko? Si unaona mawingu?"

Sista alivuta kreti ya soda akaketi. "Kuna miale ya jua hatuioni kwa macho. Nyingi inapita hata kwa mawingu. Ivyne, wewe pia sikiza, ngozi ni yako."

Akaeleza polepole. Ngozi imejengwa kwa seli, vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli hai mna kiini. Ndani ya kiini mna DNA, nyuzi ndefu zinazobeba maagizo ya kazi ya seli. Miale ikiingia, hugandanisha sehemu za uzi zilizo jirani.

"Ni kama nywele imemwagikiwa gundi," Sista alisema. "Kitana haipiti. Seli inashindwa kusoma maagizo. Mara nyingi inajirekebisha. Lakini ikiumizwa kila siku, makosa mengine yanabaki, na seli inaweza kuanza kuzaana ovyo. Hapo ndio kansa inaanzia."

"Mbona mimi niko sawa? Si tunakaa nje pamoja?"

"Wewe uko na rangi. Ndani ya seli, hiyo rangi inajipanga juu ya kiini, inakifunika. Ya Ivyne ni kidogo sana. Na hiyo jeli inalainisha tu, haizuii miale."

Neno kansa lilimkata Nakhumicha maini. "Kwani ni mimi nimemuumiza mtoto wangu?"

"Ulikuwa hujui. Jumatatu mlete kliniki."

Jumatatu daktari alikitazama kidonda kwa lenzi, muda mrefu.

"Haijakuwa kansa," daktari alisema. "Lakini tungeiacha, ingeweza kuwa."

Alikigandisha kidonda kwa dawa ya baridi kali. Akawapa mafuta ya kukinga jua bila malipo, akataka Ivyne arudi kukaguliwa mara kwa mara. Nje ya lango Nakhumicha alilia, kwa shukrani na kwa aibu.

"Mama, watu wanatuangalia," Ivyne akanong'ona.

Tangu hapo Ivyne hatoki kabla ya kupakwa mafuta hayo, na hupakwa tena kila baada ya saa mbili. Mikono mirefu, kofia pana na kivuli ni sheria, kuwe na jua au mawingu. Shavu lilipona, likabaki na doa laini.

Asubuhi moja ya ukungu, mwanamke mgeni alipita sokoni. Mgongoni alibeba mtoto mchanga mwenye ualbino, uso wazi. Nakhumicha alimwacha mteja na kabeji mkononi, akamkimbilia.

"Mama, ngoja kidogo. Huyo mtoto funika uso, tukae hapa kwa kivuli nikuambie kitu."

Mwanamke alimpima kwa macho, kuanzia aproni hadi viatu vya gambuti. "Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana," alisema Nakhumicha, akimwonyesha Ivyne, aliyeketi kivulini na kofia yake pana. "Mimi ni mama ya huyu."