Nani Kashusha Blanketi la Mtaa?

Mama Redio alifungua mlango wa ukumbi asubuhi ile, akatazama ukutani, akafikicha macho, akatazama tena.

Blanketi halikuwepo.

Lilikuwa blanketi la viraka. Kila nyumba ilichanga ndipo ikapewa nafasi ya kushona kiraka chake, na leo saa nne lingepigwa mnada. Fedha zote zingekwenda kwa madaktari wanaotafiti saratani ya watoto, ugonjwa uliomlaza msichana mmoja wa mtaa huo, mwenye miaka sita, aliyebatizwa jina la Chifu kwa jinsi anavyowaamrisha wauguzi. Tajiri wa mabasi aliahidi kujazia kiasi kilekile kitakachopatikana, ila leo tu, kesho anasafiri. Bila blanketi, mnada wa nini?

Mama Redio, msusi kwa kazi na mtangazaji kwa kipaji, hakupiga kelele. Alikagua. Kufuli zima. Madirisha yamefungwa kwa ndani. Juu ya kiti palikuwa na kisahani, na ndani yake pini zote zilizolishikilia blanketi, vichwa vimeelekea upande mmoja.

Funguo zilikuwa tatu: wake, wa fundi cherehani, na wa bibi yake Chifu, anayefagia ukumbi.

Akaanza na fundi.

"Juzi ulisema blanketi lile linakuaibisha."

"Nilisema, na narudia. Kiraka chako, shemeji, umekishona umefumba macho."

"Ndiyo maana ukaliondoa?"

"Ningeliondoa ningebeba na pini zangu. Ziko wapi?"

"Kwenye kisahani."

Fundi akaacha kukanyaga cherehani. "Zote? Huyo ana subira. Mwizi angevuta tu, pini zikatawanyika."

Mama Redio akamwendea mwenye duka, aliyetaka kulinunua kabla ya mnada, akakataliwa.

"Mjomba, blanketi umeliweka wapi?"

"Siku hizi hiyo ndiyo salamu?" Mwenye duka akacheka. "Ukumbini ningeingiaje, kwa tundu la ufunguo? Jana sikutoka hapa. Muulize bibi yake Chifu, alinishughulisha alasiri nzima anataka sabuni isiyo na manukato. Nikamwambia, shangazi, wenzako wananunua harufu, wewe unaikataa? Kaondoka na miche minne."

Miche minne, kwa bibi na mjukuu aliyelazwa? Mama Redio alishageuka, hata kuaga hakuaga.

Alimkuta bibi uani, ameinamia meza, pasi mkononi, blanketi likifuka mvuke.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nilijua utakuja wewe."

"Bibi, mtaa unatafuta mwizi. Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, mwanangu? Chifu ameruhusiwa kutoka kwa muda mfupi tu, na mmepanga kumfunika hili kabla ya mnada. Muuguzi kaniambia dawa zimemmalizia askari wa mwilini, wale wa kuzuia magonjwa. Kinachomgusa kifuliwe, kipigwe pasi ya moto. Hili limezunguka nyumba zote, limelala majikoni, limechezewa na paka. Sasa niwaambie wenzangu, waliojinyima usingizi kwa ajili ya mjukuu wangu, kwamba kazi yao ni chafu? Nilitaka lirudi ukutani kabla hamjajua. Mishono ikagoma kukauka."

Mama Redio akajibwaga juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Na fundi wa watu moyoni nilishamfunga jela," akasema. Kisha akashika ncha ya pili ya blanketi. "Vuta huko, Bibi. Saa nne inatukimbiza."

Saa nne ukumbi ulijaa pomoni. Blanketi lilikuwa mahali pake, lakini habari za kupotea kwake zilishafika kila jiko.

"Tunataka kujua nani kalishusha," akasema mama mmoja, mikono kiunoni.

Bibi akafungua kinywa. Mama Redio akamwahi.

"Mimi. Nimelifua. Mlishona huku mnakula."

Ukumbi ukawaka.

"Anatuita wachafu huyu?"

"Adabu hana."

"Na kiraka chake ndicho kibaya kuliko vyote."

Fundi akamtazama msusi, akamtazama bibi, kisha akajitia kunyoosha viti. Mama Redio aliyapokea matusi yote huku akisawazisha pini za blanketi, na aliyemfahamu angeshangaa.

Chifu aliingia na barakoa usoni, akaketishwa mbele, blanketi likashushwa, likamfunika mpaka mabegani. Akawasikiliza kidogo.

"Mnagombana na muda wangu unaisha," akasema. "Nani anaanza kutaja bei?"

Mwenye duka akainua mkono. Nyuma yake ikainuka mingine, ya walewale waliokuwa wakimtukana msusi.