Karatasi Isiyokauka

Kosa lilikuwa lake, na mwenyewe hakulikana: alichota maji kwenye kisima cha makaburini bila kumtaja Mungu, tena kwa kopo la rangi.

Alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi. Kuchora mandhari kwa rangi za maji alijifundisha mwenyewe, na kama ilivyo kwa aliyejifundisha, alikuwa na mambo yake. Nyeupe hakuipaka, aliiacha karatasi tupu, iwe mwanga au njia. Maji aliyachota palepale anapopachora, ili picha, alisema, isiwe ya uongo. Na brashi aliilamba ncha ili ichongoke.

Siku ile alichora kisima, miti miwili na njia nyeupe ijayo mbele. Kesho yake adhuhuri picha ilikuwa bado mbichi.

"Mume wangu, siku hizi unachora na watu?" mkewe aliuliza, beseni la nguo kiunoni.

"Watu siwawezi. Nilimchora mama yako, akatoka mbuzi."

"Basi huyu ni nani?"

Njiani, pale alipopaacha peupe, palikuwa na doa la kijivu lenye mabega.

Siku ya tatu doa lilikuwa na miguu, siku ya tano lilikuwa limeipita miti, na fundi, ambaye alikuwa ameianika picha juani na hata kuipiga pasi, alishika kikombe cha chai ya moto asisikie moto, akasikia tu harufu ya udongo mbichi sebuleni na maji yakidondoka, ti, ti, ti, ukutani ambapo hapakuwa na bomba, wala hakuogopa, na hilo ndilo lililomtisha mkewe kuliko yote, maana mtu anayeogopa angalau bado yumo.

Mke akamwita mwalimu wa madrasa. Wakaenda wote kisimani, mwalimu akasoma, akaitumbukiza picha. Rangi ikatoka yote. Karatasi ikabaki nyeupe, ikakauka papo hapo.

"Alhamdulillahi," mke akashusha pumzi.

Mwalimu alikuwa akimtazama fundi, aliyetoa brashi mfukoni na kuilamba, kwa mazoea tu.

"Unafanya hivyo tangu lini?"

"Tangu zamani, mwalimu, kila mstari."

"Na kwa maji haya?"

"Haya haya."

Mwalimu akaikunja ile karatasi mara nne, akaificha haraka ndani ya kanzu. Akamvuta mke kando.

"Dada yangu," alinong'ona, "lile doa kwenye picha halimo tena. Limo ndani yake. Linatafuta karatasi litokee, na likitoka, atakayebaki ndani ya karatasi ni yeye. Nitamsomea kila siku. Wewe ondoa karatasi nyumbani."

Mke ameondoa kalenda, madaftari, hata pakiti ya majani ya chai. Fundi hukaa kibarazani, mikono magotini, mikono ya shati ikidondosha maji. Haoni baridi wala njaa. Huwasalimia wapita njia kwa adabu, kisha huomba.

Ukipita pale akakuomba karatasi, hata kipande cha risiti, nakusihi, usimpe.