Mwaloni, Alumini au Nyeusi ya Kung'aa

"Hii nyeusi inashika alama za vidole. Hebu gusa uone."

"Basi tuchukue mbao."

"Mbao nazo... sijui. Zinanikumbusha kabati la bibi."

Nilikuwa nimeinama chini ya meza natafuta kasha la sampuli za siti za magari. Niliisikia hiyo "sijui" kabla sijauona uso. Wanaosema sijui ni wengi, ila anayeivuta namna ile, taratibu kama mtu anayevua buti lenye matope, namjua mmoja tu.

Nikainuka. Staffan Ekdahl alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, koti limelowa theluji ya Machi. Pembeni yake dada mrefu mwenye nywele fupi nyekundu amemshika mkono.

"Ylva?" akasema.

"Karibuni," nikajibu. Sauti sijui niliitoa wapi.

"Kumbe mnajuana?" yule dada akauliza, anatabasamu.

"Tulisoma... tuliwahi kufahamiana," Staffan akasema. "Zamani."

Zamani! Miaka mitatu tu. Wiki tatu kabla ya harusi yetu, shangazi zangu wa Luleå wameshakata tiketi za treni, mwanaume huyu alinitumia ujumbe: "Ylva, sijui kama naweza." Halafu akazima simu. Mimi nilikuwa kwa fundi, nimesimama juu ya kigoda, gauni limejaa pini. Örebro, mji wetu huu wa baridi, si mkubwa. Kwa mwaka mzima, kila nikiingia dukani kununua maziwa, watu walinisalimia kwa sauti ya msibani.

Sasa nauza magari mapya, na kazi yangu ni kuwasaidia wateja kuchagua. Nikavuta kiti, nikatabasamu.

"Mimi naitwa Tuva," yule dada akasema. "Tunaoana Juni. Rangi ya nje tumemaliza, injini tumemaliza, tumekwama humu ndani. Dashibodi, milango, siti. Tusaidie, dada yangu, huyu mtu ataniua kabla ya harusi."

"Wewe mwenyewe unapenda nini?"

"Mbao, hizi za mwaloni. Na siti za kitambaa cha sufu. Nimesema tangu siku ya kwanza."

"Na wewe, Staffan?"

Staffan alikuwa ameshika kipande cha alumini. Akakipeleka dirishani, akakigeuza, akakirudisha mezani. Akachukua cha mwaloni, akakipeleka dirishani, akakigeuza, akakirudisha. Kisha kile cheusi cha kung'aa, akakipangusa kwa mkono wa koti.

"Alumini," akasema mwishoni. "Nafikiri."

Tuva akanitazama, akainua mabega.

"Niandike alumini?" nikauliza.

"Andika tu, tutoke humu tukiwa hai."

"Mnaweza kubadilisha mpaka Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo kiwanda kinafunga oda, haibadiliki tena."

Kosa langu lilikuwa kusema hivyo.

Jumanne asubuhi simu ya mezani ikalia.

"Ylva, ni mimi. Weka nyeusi."

"Nimeweka."

Mchana ikalia tena.

"Ylva, samahani. Mbao."

"Nimeweka mbao."

Jumatano, hata kahawa sijamaliza.

"Hivi ile alumini haitaniumiza macho kwenye jua?"

"Jua gani, Staffan? Uko Örebro."

Akacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko kile kiliniponza, maana jioni simu yangu mwenyewe ikatoa mlio wa ujumbe. Namba yake nilikuwa nimeifuta, lakini tarakimu zake nilizijua kama jina langu.

"Umebadilisha nywele. Zimekupendeza."

Nikaandika: "Asante. Umeamua kuhusu milango?"

"Bado. Unakumbuka tulivyochagua vigae vya bafuni?"

"Nakumbuka. Jumamosi nne."

"Mwishowe ulichagua wewe. Vilikuwa vizuri. Kesho tunywe kahawa? Saa kumi, pale kwa muoka mikate karibu na mto."

Sitajisafisha mbele yenu. Moyo uliruka. Nilijua ana mchumba, na mchumba mwenyewe nilikuwa nimempenda. Lakini kwa miaka mitatu nilikuwa nasubiri mtu huyu aje aniambie kwa nini. Nikajibu: "Sawa." Alhamisi asubuhi nikapaka rangi ya mdomo.

Nilimkuta amekaa kona, mbele yake andazi la mdalasini na la iliki, yote mawili yameumwa kidogo.

"Ylva, silali."

"Una nini?"

"Nawaza. Labda tuliharakisha."

"Kuchagua gari?"

"Kuachana."

Nikaweka kikombe chini. "Tuliharakisha nani na nani? Mimi niliachwa juu ya kigoda, Staffan."

"Najua. Nilikosea. Au labda sikukosea, ndilo ninalojiuliza."

"Tuva anajua uko hapa?"

"Tuva ni mtu mzuri mno. Anajua anachokitaka. Akiamka asubuhi anajua hata atavaa nini. Inanitisha." Akanishika mkono. "Niambie wewe. Ukisema nimwache, namwacha leo hii. Ukisema nimwoe, namwoa."

"Nikuambie mimi?"

"Wewe ulikuwa unajua kuniamulia."

Na yeye, Mungu ni shahidi wangu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa vipande viwili: mwaloni na alumini, sampuli za duka letu. Akavipanga mezani kati ya maandazi.

"Na hivi pia," akasema. "Maana kesho ndiyo mwisho."

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka mitatu nilisimama mbele ya kioo nikitafuta kasoro. Mara nilikuwa mrefu mno, mara nacheka kwa kelele, mara kazi nimeipenda kuliko nyumba. Mama alinibembeleza, rafiki zangu walinibembeleza, sikusikia. Kumbe sikuwa na kasoro. Mtu huyu alinipeleka dirishani, akanigeuza, akanirudisha mezani, kama anavyofanya kwa kila kitu anachokishika.

"Staffan," nikasema, "hizi ni mali ya duka."

Nikazitia kwenye mkoba, nikavaa koti.

"Unakwenda? Hujanijibu!"

"Kunywa kahawa yako, itapoa."

Nje upepo wa mtoni ulinipiga usoni. Nikavuta pumzi, ikashuka mpaka tumboni, mahali ambapo haikufika siku nyingi. Nikaanza kucheka peke yangu, hadi bibi mmoja mwenye mbwa akavuka barabara kunikwepa.

Lakini nilipofika daraja la pili kicheko kikakatika. Tuva. Juni.

Nilitembea hadi nyumbani nikibishana na nafsi yangu. Yananihusu nini? Mteja ni mteja. Nikinyamaza, atapata gari lake na mume wake. Kisha nikajiuliza: mimi ningekuwaje kama mwanamke mmoja tu angenifungua macho mapema, kabla ya gauni, kabla ya tiketi za shangazi?

Ijumaa saa tano na nusu Tuva akaingia peke yake, mashavu mekundu kwa baridi.

"Yuko nje anatafuta maegesho," akasema. "Kuna nafasi tano wazi, hajui aingie ipi. Haya, leo tunafunga!"

"Tuva, kaa kwanza."

"Kuna tatizo na oda?"

"Oda haina tatizo. Mimi na Staffan hatukuwahi kusoma pamoja. Nilikuwa mchumba wake. Aliniacha wiki tatu kabla ya harusi."

Tabasamu likabaki usoni kwake kama taa iliyosahauliwa.

"Hakuniambia."

"Najua. Na kuna haya." Nikafungua simu, nikampa.

Akasoma polepole, kidole kinapanda na kushuka.

"Hii ya Jumatano," akasema. "Tulikuwa kwa mama yangu tunachagua chakula cha harusi. Alisema anawajibu watu wa kazini." Akameza mate. "Na jana ulikwenda?"

"Nilikwenda. Sitakudanganya, nilipaka na rangi ya mdomo."

"Halafu?"

"Alitaka nimwamulie."

"Amwoe nani?"

"Amwoe nani, na aweke mwaloni au alumini. Vyote kwa pamoja, kwenye meza moja."

Tuva akafungua mdomo. "Mwaloni au alumini!" Akapiga meza kwa kiganja, akacheka, na machozi yakashuka papo hapo. Nikamsogezea karatasi laini. Sikujua kama atanikumbatia au atanizaba kofi, na vyote viwili ningevipokea.

Mlango ukafunguka. Staffan akaingia, akaona simu yangu mkononi mwa Tuva, akasimama.

"Tuva, naomba nieleze."

"Usieleze. Chagua. Mimi au yeye?"

"Mimi nitoe kwenye orodha, tafadhali," nikasema.

"Sawa, katoka," Tuva akasema, macho hayabanduki usoni kwa Staffan. "Imebaki rahisi. Mimi, au basi?"

Staffan akamtazama Tuva. Akanitazama mimi. Akatazama dirisha. Mwenzangu wa meza ya pili aliacha kuandika, na hata mteja aliyekuwa ndani ya gari la maonyesho akashusha kioo ili asikie.

"Tuva," akasema, "nipe mpaka Jumatatu."

"Jumatatu."

"Nifikiri vizuri tu. Si kwamba sikupendi."

Tuva akavua pete. Ilikataa kwenye kifundo cha kidole, akaizungusha, ikatoka. Akaiweka mezani katikati ya sampuli.

"Ichukue. Ukaifikirie na yenyewe."

"Na gari je?"

"Gari lina jina langu, Staffan. Siku ile ya kusaini ulisema mkono unakuuma."

Aliichukua pete. Niliogopa atalia, na kama angelia labda ningemhurumia. Hakulia. Alisimama kidogo kama mtu anayengoja aambiwe pa kwenda. Kwa kuwa hakuna aliyemwambia, akatoka.

Tuva akapenga kamasi.

"Saa ngapi?"

"Saa sita kasoro dakika saba."

"Mwaloni. Dashibodi na milango yote. Siti za sufu, za kijivu. Usukani bila ngozi."

"Una uhakika?"

"Ylva, leo usiniulize swali hilo."

Nikaandika, nikamgeuzia kioo cha kompyuta akasoma, akakubali kwa kichwa. Nikabonyeza.

"Imekwenda."

Akashusha pumzi ndefu, akajilaza kwenye kiti miguu imenyooka.

"Jioni nitalia sana," akasema.

"Lia. Ila usilie miaka mitatu kama mimi."

"Ulikuwa unalilia nini muda wote huo? Yule?"

"Nilidhani kosa ni langu."

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Na mimi dakika kumi zilizopita nilishaanza kudhani hivyo hivyo."

Tukatazamana. Akainuka, akazunguka meza, akanikumbatia kwa nguvu, koti lake bado lina baridi ya nje. Kisha akachukua nakala yake ya oda, akaikunja mara mbili na kuondoka. Nilimwona kupitia kioo akipita kando ya gari la Staffan, lililoegeshwa limekanyaga mstari, nusu nafasi hii na nusu ile. Hakugeuka.

Saa ya chakula nikatoka nyuma ya duka, nikampigia mama Luleå.

"Mama, Staffan alikuja dukani."

Kisha nikasikia kiti kinavutwa.

"Mwanangu. Uko wapi? Uko na mtu?"

"Niko peke yangu. Niko mzima."

"Anataka nini tena huyo? Asikuguse! Nitapanda treni leo hii, unanisikia?"

"Mama, usipande treni. Yamekwisha. Yamekwisha kabisa, nitakusimulia yote."

Nikaanza kusimulia. Nilipofika kwenye maandazi mawili yaliyoumwa, sauti ilinikatika.

"Ylva, usilie mama, usilie..."

"Silii. Nacheka."

"Unacheka?"

Sikuweza kujibu, mbavu ziliniuma. Mama alinisikiliza kidogo. Kisha akaweka simu pembeni, nikamsikia anamwita baba kwa sauti ya kuvunja madirisha:

"Gösta! Njoo! Njoo haraka usikie, Ylva anacheka!"